Wageni Wanaokuja Kuwahudumia Yatima: Tuangalie Kwanza Afya ya Mtoto



Kila mwaka, kati ya Juni na Agosti, shule na vyuo vya Ulaya na Marekani vinapofungwa, parokia nyingi za kanda yetu hupokea wageni. Ni vijana kutoka parokia rafiki, pengine wakiongozwa na padre wao. Wanapitia Arusha, wengine wanafika Karatu, na wachache wanapanda hadi juu Ngorongoro. Wanakuja na masanduku ya nguo, kalamu na mipira. Baadhi yao hukaa wiki mbili katika makao ya watoto yatima. Huwabeba watoto, huwalisha, huwaimbia. Siku ya kuagana watoto hulia, wageni nao hulia, na gari huondoka.

Sisi wenyeji husema, "Kweli wamewapenda." Na ni kweli. Hakuna anayeacha kwao na kulipa nauli kubwa namna ile kwa moyo mbaya. Lakini huu ni ukurasa wa afya, na kazi yake ni kuuliza: mapenzi ya wiki mbili yanaufanyia nini mwili na akili ya mtoto mdogo? Na je, mtoto huyo alipaswa kuwa pale tangu mwanzo?

MTOTO WA NAINOKANOKA

Tuchukue mfano wa Nainokanoka, karibu na kreta ya Olmoti, mahali mto Munge unapoanzia safari yake kuelekea ndani ya kreta ya Ngorongoro. Ni nchi ya wafugaji wa Kimaasai, zaidi ya meta 2,000 juu ya usawa wa bahari. Ukungu wa asubuhi ni mzito, na baridi ya usiku huingia mpaka ndani ya mifupa.

Tuseme mama mmoja amejifungulia nyumbani, akatokwa na damu nyingi, akafariki kabla ya kufikishwa hospitali. Ameacha mtoto wa siku tatu na wengine wawili wakubwa. Baba yupo. Bibi, ambaye watoto humwita koko, yupo. Shangazi yupo boma la pili. Wote wanampenda mtoto huyu, lakini hawajui watamnyonyesha nini. Ndipo mtu mwema anasema, "Mpelekeni mjini kwenye makao ya yatima. Huko kuna wazungu na maziwa ya kopo."

Hapo njia zinagawanyika. Mtoto akienda, huenda akapata maziwa lakini akapoteza baba, koko, ndugu zake, lugha yake na boma lake. Akibaki bila msaada, huenda akafa kwa njaa au kuhara. Je, hakuna njia ya tatu?

NANI HASA ANAITWA YATIMA?

Shirika la UNICEF huhesabu kuwa yatima kila mtoto aliyefiwa na mzazi mmoja au wote wawili. Kwa hesabu hiyo, mwaka 2015 kulikuwa na yatima karibu milioni 140 duniani. Idadi hiyo ni kubwa na inatisha. Lakini kati yao, waliofiwa na wazazi wote wawili walikuwa kama milioni 15 tu. Na yatima walio wengi wanaishi na mzazi aliyebaki, au na bibi, babu, shangazi au mjomba.

Maana yake, watoto wengi walioko katika makao hawakufikishwa huko kwa kukosa ndugu. Walifikishwa na umaskini, ugonjwa, au kukosa maziwa. Mtume Yakobo, anapotufundisha dini iliyo safi, anawataja yatima na wajane pamoja. Mara nyingi dawa ya yatima ni kumsaidia mjane au bibi aliye naye.

TUMBO LINAHITAJI MAZIWA, MOYO UNAHITAJI MTU MMOJA

Katika miaka ya 1940 daktari René Spitz aliwalinganisha watoto wachanga wa sehemu mbili. Wa kwanza walikuwa katika nyumba ya watoto walioachwa: safi, yenye chakula na madaktari, lakini muuguzi mmoja alihudumia watoto wengi. Wa pili walikuwa gerezani, wakilelewa na mama zao wafungwa. Watoto wa gerezani walistawi. Wa ile nyumba safi walidhoofika, na zaidi ya theluthi moja walifariki katika miaka miwili. Mwaka 1951 daktari John Bowlby aliliandikia Shirika la Afya Duniani kwamba mtoto mdogo anahitaji uhusiano wa karibu na wa kudumu na mama, au mtu mmoja anayeshika nafasi yake.

Jambo hili lilipimwa tena nchini Romania. Serikali ya Ceausescu ilipoanguka Desemba 1989, dunia iliona maelfu ya watoto waliofungiwa katika nyumba za serikali. Baadaye, mjini Bucharest, watafiti waliwafuata watoto 136 wa nyumba hizo. Nusu yao walipelekwa kwa familia za kuwalea, na nusu wakaendelea na malezi ya kawaida ya nyumba zile. Waliopata familia walikua vizuri zaidi kimwili na kiakili. Waliofaidika zaidi katika akili na katika kujenga uhusiano walikuwa wale waliopata familia kabla ya kutimiza miaka miwili.

Kwa nini? Mtoto mchanga hajui kujituliza mwenyewe. Analia, mtu yuleyule anakuja, harufu ni ileile, sauti ni ileile. Hivyo ubongo wake unajifunza kwamba dunia inaaminika. Mikono ikibadilika kila zamu na kila kikundi cha wageni, somo hilo halikamiliki.

Hapa kuna ishara ambayo wageni wengi huisoma vibaya. Wanaingia getini, na watoto wa miaka miwili au mitatu wanawakimbilia, wanawakumbatia, wanataka kubebwa. Mgeni anasema, "Wamenipenda mara moja!" Lakini mtoto mwenye malezi imara, akimwona mtu asiyemjua, kwanza hujificha nyuma ya kanga ya mama yake. Mtoto anayemkumbatia kila mgeni huenda anatuonyesha jeraha: hajapata mtu wake mmoja. Na mgeni huyo anapoondoka baada ya wiki mbili, jeraha linaguswa tena.

MAGONJWA YANAYOSAFIRI NA WAGENI

Mtu anayetoka mbali amepita viwanja vya ndege na mabasi. Mafua kwake ni jambo dogo, lakini kwa mtoto wa miezi miwili yanaweza kugeuka nimonia. Surua huambukiza upesi mno: kati ya watu kumi wasio na kinga waliokaa karibu na mgonjwa, tisa huipata. Hapa Tanzania mtoto hupata chanjo ya kwanza ya surua akiwa na miezi 9, kwa hiyo wachanga hawana kinga kamili. Kifaduro nacho huwaua zaidi watoto ambao hawajamaliza chanjo zao. Tena kifua kikuu hakichagui taifa. Mtu mzima yeyote, mgeni au mwenyeji, anayekohoa wiki mbili au zaidi asiwakaribie watoto mpaka apimwe.

WATANGULIZI WETU WALIFANYA NINI?

Kutoka mbali kuja kulea yatima si jambo geni katika Kanisa letu. Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walipofungua misheni ya Bagamoyo mwaka 1868, waliwapokea watoto waliokombolewa utumwani, wakawafundisha kilimo na ufundi. Watoto wale walikuwa wametenganishwa kabisa na makwao. Tena wamisionari wale hawakuja kwa wiki mbili. Makaburi yao yako Bagamoyo mpaka leo.

Huku kwetu Umaasaini msaada ulichukua sura nyingine. Kanisa lilijenga hospitali Endulen, ndani ya Ngorongoro. Mwaka 1983 Padre Pat Patten, wa Shirika lilelile la Roho Mtakatifu, alianzisha Flying Medical Service, huduma ya ndege ndogo zilizotua katika viwanja vya nyasi, zikileta chanjo na kliniki za wajawazito na kuwachukua wagonjwa mahututi. Tutafakari hapo. Kila mama aliyewahishwa hospitali akapona aliwaepusha watoto wake na uyatima. Hiyo nayo ni huduma kwa yatima, ila inafanyika mapema.

KUMSAIDIA KOKO AMLEE MJUKUU

Turudi kwa mtoto wetu wa siku tatu. Njia ya tatu ipo, na inaanzia hapohapo bomani.

1. Apelekwe zahanati mara moja apimwe uzito, aanze chanjo, na afya yake iangaliwe. Kama mama hakuwa amepima virusi vya UKIMWI, mtoto apimwe pia.

2. Shangazi au jirani anayenyonyesha anaweza kumnyonyesha. Lakini apimwe kwanza virusi vya UKIMWI, na aendelee kufuatiliwa zahanati.

3. Asipopatikana mnyonyeshaji, mtoto apewe maziwa ya kopo ya watoto wachanga hadi miezi 6. Yachanganywe kwa kipimo kilichoandikwa, kwa maji yaliyochemka. Kuyazimua ili kopo lidumu ni kumuua mtoto taratibu. Maziwa ya ng'ombe, hata yawe mengi bomani, si chakula cha kumtosha mtoto wa umri huo.

4. Atumie kikombe kidogo, si chupa ya chuchu. Kikombe huoshwa kwa urahisi, lakini chupa huficha uchafu unaoleta kuharisha.

5. Baada ya miezi 6 aongezewe uji mzito, mboga, mayai na maziwa ya mifugo. Maziwa hayo yachemshwe daima, maana mabichi huweza kuleta kifua kikuu na homa ya brusela.

6. Kwa baridi ya Nainokanoka, mtoto mchanga abebwe kifuani, ngozi kwa ngozi, akiwa amefunikwa. Asilazwe karibu na moshi wa jiko, kwa kuwa moshi huchochea nimonia.

Kwa Wamaasai, mtoto kukabidhiwa kwa bibi au kwa mwanamke asiye na mtoto ili amlee ni desturi ya zamani. Na neno lao osotua lina maana ya kitovu, tena lina maana ya agano la kusaidiana. Waamini wa Kimaasai hulitumia neno hilohilo kwa Agano Jipya. Basi Jumuiya Ndogo Ndogo, WAWATA na katekista wa kigango wana pa kuanzia.

WAGENI WAKIJA, WAFANYE NINI?

Hatusemi wageni wafukuzwe. Ukarimu ni sehemu ya imani yetu. Wala hatuwadharau masista na walezi wanaokesha na watoto ambao kweli hawana mtu. Tunaomba paroko na halmashauri ya walei wazingatie haya:

Kwanza, wageni wasipewe kazi ya kubeba, kulisha na kulaza watoto wadogo. Kazi hiyo ni ya walezi wa kudumu. Mgeni afue, apike, apake rangi, achimbe msingi wa tangi la maji, ili mlezi apate nafasi ya kukaa na mtoto.

Pili, mwenye taaluma aifundishe. Muuguzi wa watoto akikaa na wauguzi wetu, ujuzi hubaki baada yake.

Tatu, kila mgeni awe na uthibitisho wa chanjo na barua ya polisi ya kwao kuhusu mwenendo wake. Mtu asiachwe peke yake na mtoto, hata akiwa mtumishi wa Kanisa.

Nne, picha za watoto zisipigwe ovyo na kusambazwa. Mtoto wako usingependa aonyeshwe ulimwenguni akiwa uchi au na kamasi.

Tano, sheria ifuatwe. Sheria ya Mtoto Namba 21 ya mwaka 2009 inataka makao ya watoto yawe na leseni. Mtoto asipokelewe bila ofisi ya ustawi wa jamii kujua na kuwatafuta ndugu zake. Nao wageni wanaojitolea wawe na kibali kinachostahili, si viza ya utalii.

Haya yawahusu pia vijana wetu wanaoalikwa kwenda kuhudumu nchi za nje. Kenya, kwa mfano, ilisimamisha usajili wa makao mapya ya watoto mwaka 2017, na mwaka 2022 ikaweka mpango wa miaka kumi wa kuwarudisha watoto katika familia. Kijana akiulizwa atakwenda kufanya nini kwa yatima, awe na jibu zaidi ya "kuwapenda".

TUSEME NAO UKWELI

Parokia rafiki zikituuliza, "Tuwasaidie nini?", tusione haya kujibu kwa kuogopa kupoteza wageni. Nauli ya ndege ya kijana mmoja kutoka Marekani inaweza kuzidi gharama ya maziwa ya kopo ya mtoto mmoja kwa miezi 6. Waambieni hivyo kwa upole. Wengi watashukuru, kwa sababu walikuja wakitafuta njia ya kweli ya kusaidia, na hakuna aliyewaonyesha.

Mtakatifu Yosefu alimlea Mwana ambaye hakumzaa, katika nyumba ya familia, miaka mingi, bila haraka ya kuondoka. Atuombee. Na wewe, msomaji, kama katika jumuiya yako yupo koko anayelea mjukuu aliyefiwa na mama, usingoje ndege ya wageni. Nenda leo ukamwulize kama kopo la maziwa limebakiza kiasi gani.