Fito Mbili za Chuma na Soko la Vipuri vya Ndege za Zamani

Tarehe 16 Desemba 2013, ndege ya zamani aina ya de Havilland Tiger Moth ilikuwa angani karibu na kisiwa cha South Stradbroke, jimbo la Queensland, Australia. Ilibeba rubani na abiria mmoja wa safari ya burudani. Ilipoanza sarakasi za angani, mabawa ya upande wa kushoto yalichomoka, ikaanguka baharini. Wote wawili walikufa.

Wachunguzi waligundua kwamba fito mbili za chuma zilizopita ndani ya kiwiliwili cha ndege, ambazo husaidia kubeba uzito wa mabawa ndege ikiwa angani, zilikuwa zimekatika penye hesi, mahali ambapo chuma kilikwisha kuchoka na kufanya nyufa. Fito za aina hiyo hupangiwa saa 2,000 za kuruka au miaka 18, kutegemea kipi kitatangulia. Hizi hazikufika huko. Wala hazikuwa za kampuni iliyobuni ndege: zilichongwa Australia, kwa kibali halali cha Australia.

Hapo ndipo biashara ya vipuri vya ndege hizi inapopaswa kutazamwa. Tiger Moth iliruka mara ya kwanza mwaka 1931, na kufikia mwisho wa Vita vya Pili vya Dunia zilikuwa zimeundwa zaidi ya 8,000, nchini Uingereza, Kanada, Australia na New Zealand. Hata kampuni ya magari ya Morris ilizitengeneza kiwandani kwake Cowley, Uingereza. Kila nchi iliiunda kwa mahitaji yake. Kanada, yenye baridi kali, iliweka kifuniko juu ya viti, breki, na gurudumu la mkiani, wakati ndege ya Uingereza ilikuwa na kigingi cha kuburuta mkiani na haikuwa na breki kabisa.

Tofauti iliyozungumzwa zaidi ni ya vibao viwili vyembamba mbele ya mkia. Mwaka 1940, Uingereza ikihofia kuvamiwa na Ujerumani, baadhi ya ndege hizi, zilizotumika kufundishia marubani, zilifungwa vishikio vya mabomu. Baadaye yakaja malalamiko kwamba ndege ikianza kuporomoka huku ikizunguka kama pia, rubani anapata taabu kuitoa. Waingereza wakaongeza vibao hivyo ili kuisaidia kutulia. Australia haikuona haja, na hadi leo nyingi za huko hazina. Marubani wamebishana juu ya vibao hivyo kwa miongo mingi. Sishangai, maana vinaonekana: mtu akisimama uwanjani anaweza kuvinyooshea kidole. Fito zilizosababisha vifo Queensland hazionekani mpaka fundi afungue ndege.

  

Turudi kwenye vipuri, maana hapo ndipo fedha na hatari vinapokutana. Mwenye ndege iliyoundwa miaka ya 1940 hana duka la kawaida la kununulia. Uingereza bado kuna kampuni ndogo inayotunza michoro na kutoa maelekezo ya kiufundi kwa wenye ndege za de Havilland, lakini wateja wametawanyika duniani na wachache mno kuhalalisha kiwanda kikubwa. Karakana ya jirani ikipata kibali cha kutengeneza kifaa hichohicho, mwenye ndege ananunua hapo, na hakosei kibiashara. Kosa liko kwenye kibali. Uchunguzi wa ajali hiyo ulionyesha kwamba zaidi ya vipuri 1,000 nchini Australia vilipitishwa kwa utaratibu uliokubali idhini za usanifu zilizokuwapo, bila mamlaka ya anga kuhakikisha kwamba historia ya matumizi na ukomo wa maisha ya kifaa vimezingatiwa ipasavyo. Umbo la kifaa lilinakiliwa, lakini ujuzi uliopatikana kwa miaka mingi ya kukitumia haukuhakikishwa kuwa umekuja nalo.

Kibali cha nchi moja kinazigusa na nyingine. Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944, unaohusu usafiri wa anga, umeipa kila nchi wajibu wa kutoa cheti cha kuruka kwa ndege iliyosajiliwa kwake, na nchi nyingine hukitambua ilimradi viwango vya chini vimefikiwa. Kenya na Tanzania zimo katika mkataba huo. Nairobi inaijua familia hii ya ndege angalau tangu 1929, Florence Kerr Wilson alipoanzisha shirika la ndege la Wilson Airways kwa ndege ya Moth, na mwaka 2016 msafara wa ndege za zamani kutoka Crete hadi Cape Town ulipita Afrika Mashariki. Ndege ya namna hii inapotua kwetu au kuuzwa huku, cheti chake kinasema inaruhusiwa kuruka. Hakisemi kila ufito ulichongwa na nani.

Kwa maoni yangu, mamlaka za anga zingefaa kuweka daftari moja la pamoja la vipuri vya ndege ambazo watengenezaji wake wa asili hawapo tena: nani ametengeneza kila kipuri, kwa kipimo gani, kimedumu saa ngapi, kimevunjikia wapi. Gharama yake ingeweza kulipwa kwa tozo ndogo kwenye tiketi za safari za burudani. Abiria anayepanda kwa nusu saa hana fundi wala michoro, na kati ya wote wanaohusika na biashara hii ndiye pekee asiyeweza kujikagulia ndege.