Vilima vya Shela, tangi la maji la Lamu

Ukimuuliza mtu Lamu kuna nini cha kuhifadhi, atakutajia nyumba za matumbawe, milango ya nakshi na vichochoro ambamo watu hupishana na punda. Hajakosea. Mwaka 2001 UNESCO iliuweka Mji wa Kale wa Lamu kwenye orodha ya Urithi wa Dunia. Lakini je, wenyeji wa mji huo wanakunywa maji gani?

Lamu ni kisiwa, hakina mto. Mji hutegemea sana maji yaliyo chini ya vilima vya mchanga vya Shela, kusini yake. Mvua ikinyesha pale haikimbilii baharini. Mchanga unaifyonza, unaichuja, kisha maji yanatulia chini.

Sasa, chini ya kisiwa kuna maji ya bahari pia. Mbona hayaharibu yale matamu? Pima lita moja ya kila aina: maji matamu yana gramu 1,000 hivi, ya bahari kama 1,025. Hizo gramu 25 zinatosha kuyafanya maji matamu yaelee juu ya maji ya chumvi. Ukipiga hesabu, kila mita 1 ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari ina karibu mita 40 nyingine chini ya usawa huo.

Hesabu hiyohiyo ukiigeuza, inatisha. Visima vikishusha maji sentimita 10 tu na yasirudi, chumvi inaweza kupanda hadi mita 4. Na ikishaingia, kuiondoa si kazi ya msimu mmoja wa masika.

Ndiyo maana jengo juu ya vilima halichafui mandhari tu. Linaziba mahali mvua inapoingilia, linachota maji palepale, na choo chake kinamwaga kwenye chujio lilelile.

Ng'ambo, kisiwani Manda, kuna magofu ya Takwa, mji uliohamwa karne ya 17. Miongoni mwa sababu zinazotajwa ni maji ya visima kugeuka chumvi. Msikiti wake wa mawe bado una kuta. Wenyeji ndio hawapo.

Kwa hiyo ukisikia mradi mpya unapigiwa debe Shela, usiishie kuuliza utaleta watalii wangapi. Uliza mvua itaingilia wapi, maji yatachotwa kiasi gani, na ya chooni yataelekea wapi.