Kazi za Mikono kwa Watoto Wadogo (2): Wanyama wa Udongo, Karatasi na Kandambili

Udongo ndio wa kuanzia kwa mtoto wa miaka mitatu au minne. Hauhitaji mkasi wala gundi, na kazi ikiharibika hukandwa ikaanzwa upya. Katika jamii za wafugaji Afrika Mashariki, watoto wamefinyanga ng'ombe tangu zamani bila kufundishwa na mwalimu, na mara nyingi ng'ombe wao wana nundu na pembe zilizokaa mahali pake kuliko wale wanaochorwa vitabuni.

Udongo mzuri hupatikana bondeni au kando ya mto. Ule wa kichuguu hufaa pia, kwa kuwa mchwa huchagua chembe laini na kuacha kokoto. Njia ya kuupima ni kuulowanisha, kuukanda, kisha kusokota kamba yenye unene wa penseli na kuizungusha kidoleni. Kamba ikikatika, mchanga umezidi. Udongo ukinata sana mikononi, maji yamezidi, nao huachwa kidogo ukauke.

Wengi huanza na kiwiliwili, kisha wakabandika miguu minne myembamba. Miguu hiyo haidumu, huanguka hata kabla ya jioni. Ng'ombe imara hutokana na donge moja: mtoto hulibana katikati, akavuta miguu mifupi na minene kutoka upande wa chini, na kichwa kutoka mbele. Pembe na mkia pekee ndivyo vya kubandika. Pale vinapoungana hukwaruzwa kwa kijiti na kupakwa tope laini, maana udongo mkavu haushikani na mwenzake. Baada ya hapo mnyama huanikwa kivulini siku mbili au tatu. Juani ngozi ya nje hukauka na kusinyaa kabla ya ndani, na hapo ndipo nyufa zinapotokea. Ng'ombe akiwa na mguu wa tano, aachwe nao. Mtu mzima anayerekebisha kila kitu humaliza kazi akiwa ametengeneza ng'ombe wake mwenyewe.

Macho yatobolewe kwa kijiti. Mbegu za turituri, zile nyekundu zenye doa jeusi, huvutia sana kwa kazi hiyo, lakini zina sumu kali na hazifai kuwa karibu na watoto. Mbegu za mbarika vivyo hivyo. Hata maharage na vifungo vya nguo si salama kwa mtoto ambaye bado hutia kila kitu mdomoni au puani.

Karatasi hufuata, kwa mtoto aliyekwisha kuzoea kutumia vidole vyake. Uso wa mbwa huhitaji karatasi ya mraba tu. Hukunjwa kona kwa kona kuwa pembetatu, upande mrefu ukae juu. Ncha mbili za juu hukunjwa kuelekea chini zikawa masikio, na ncha ya chini hukunjwa kidogo kwenda juu ikawa kidevu. Macho na pua huchorwa kwa mkaa. Trei la mayai 30 nalo lina safu za vikombe sita sita: safu moja ikikatwa na kugeuzwa ni kiwavi, na kikombe kimoja kilichobandikwa juu ya kipande cha boksi ni kobe.

Gundi hupikwa nyumbani. Kipimo kimoja cha unga wa ngano huvurugwa katika maji baridi kidogo mpaka madonge yaishe, kisha huongezwa maji, yote yafikie vipimo vitano hivi, na kukorogwa motoni hadi uwe uji mzito. Ipoe kabisa kabla ya kupewa watoto. Baada ya siku mbili huchacha, kwa hiyo ipikwe kidogo kidogo.

Kandambili zilizochakaa zina historia yake. Mwishoni mwa miaka ya 1990, katika kisiwa cha Kiwayu, Lamu, watoto walionekana wakitengeneza vitu vya kuchezea kutokana na kandambili zilizoletwa na bahari ufukweni. Kutokana na wazo hilo ikazaliwa kazi inayojulikana leo kwa jina la Ocean Sole, ambako mafundi wa Kenya huunganisha kandambili kuukuu na kuzichonga kuwa twiga, tembo na kasa. Nyumbani hakuna haja ya kuchonga. Mtu mzima huziosha na kukata vipande kwa kisu kikali, mtoto akachagua kipi kiwe mwili na kipi kiwe kichwa. Gundi ya unga haishiki raba, hivyo vipande huunganishwa kwa vijiti vya chelewa, ncha zikiwa zimekatwa zisichome. Mabaki yasitupwe motoni, kwani moshi wake una madhara.