Michezo ya mtandaoni: kompyuta ndogo inayovumilia delestaji

Katika nyumba nyingi za Bukavu na Goma, kijana anayependa michezo ya kompyuta hajiulizi kwanza kama mashine yake ina nguvu. Anajiuliza batri itafika mpaka saa ngapi umeme ukikatika. Kwa michezo ambamo mchezaji anachagua mhusika, shujaa ao mchawi, na kumkuza pamoja na maelfu ya wengine kwenye intaneti, jibu linaweza kuwa kompyuta ndogo inayoenea kwenye kiganja cha mkono.

Zinazojulikana sana ni zile zenye prosesa ya Intel N100, iliyotoka mwanzoni mwa 2023. Prosesa hiyo imepangiwa wati 6 tu. Kompyuta nzima, mchezo ukiendelea, hutumia kama wati 15 hadi 25, wakati ile kubwa ya wachezaji inaweza kufikia 300 ao zaidi.

Batri ya risasi ya volti 12 na amperi-saa 100 inabeba wati-saa 1,200, lakini mwenye kutaka idumu hatumii zaidi ya nusu. Zinabaki 600. Kompyuta ndogo wati 20, skrini 20, modemu 10: jumla 50. Hiyo ni karibu saa kumi na mbili za kucheza, ukitoa kinachopotea kwenye inverta. Kwa kompyuta kubwa, hata saa mbili hazitimii.

Nyingi za mashine hizi ndogo hutumia chaja ya volti 12, na wengine wanashawishika kuziunga moja kwa moja kwenye batri. Ni hatari. Batri inayochajiwa na sola hupita volti 14, kwa hiyo kidhibiti cha voltaji ni lazima.

Je, inacheza nini? Old School RuneScape, ya kampuni ya Uingereza Jagex, haiisumbui hata kidogo. Mchezo huo ulifunguliwa 2013 kutokana na nakala ya RuneScape ya 2007, na mambo yote ya ulimwengu wake yanahesabiwa kwenye seva. Kompyuta ya nyumbani inachora picha tu. Tena seva inahesabu matendo kila sekunde 0.6, kwa hiyo mtandao unaochelewa kidogo hauui mchezaji kila mara. Sehemu yake moja ni ya bure.

World of Warcraft, iliyotoka 2004, inadai zaidi. Toleo lake la Classic linatembea vizuri ubora wa picha ukishushwa, ila makumi ya wachezaji wakikutana kwenye vita moja, picha zinaanza kukwama. Mchezo huo unachukua makumi ya gigabaiti, na kuzipakua kwa forfe za simu ni mzigo kuliko umeme wenyewe. Afadhali kunakili kutoka diski ya rafiki. Michezo mizito ya miaka hii, mtu asijisumbue.

Wengine watasema RuneScape iko hata kwenye simu tangu 2018. Ni kweli. Lakini simu haiandiki kazi ya mwisho ya chuo kwa raha, na kompyuta hiyo hiyo, mchezo ukifungwa, inaifanya kwa wati zisizofika 15.