Mwezi, Nyasi na Saa ya Geti

Kila inapofika Pasaka, mabasi madogo ya kukodi hutoka Dar es Salaam alfajiri yakiwa yamejaa familia, vikundi vya kanisa na wafanyakazi wa ofisi moja waliochangishana. Safari ni ya Mikumi, na ahadi kwa watoto ni moja: simba. Basi linapita Chalinze, linasimama Morogoro watu wanywe chai, na linafika getini saa nne au saa tano, jua likiwa limeshapanda. Jioni watoto wanarudi na picha za twiga, tembo na swala pala, na lawama zote anabebeshwa dereva.

Dereva hana kosa. Walioipanga safari walikosea mwezi, na baada ya hapo wakakosea saa.

Pasaka huangukia Machi au Aprili, masika yakiwa yamekolea. Nyasi za uwanda wa Mkata, pale Mikumi, huwa zimerefuka kiasi cha kumficha simba dume akiwa amesimama, sembuse jike aliyelala. Maji yametapakaa kila mahali, kwa hiyo swala na nyati hawana sababu ya kukusanyika pamoja. Kiangazi hubadilisha mambo. Kuanzia Juni nyasi hukauka, vidimbwi hupungua, na kufika Septemba wanyama wengi hutegemea maji machache yaliyobaki. Simba anajua hilo kuliko mtalii. Hujilaza kwenye kivuli karibu na maji na kusubiri.

Kulala ndiyo kazi yake kubwa. Simba anaweza kupumzika hata saa 20 kwa siku, na mawindo yake mengi huyafanya gizani. Anayemtaka akiwa anatembea, akinguruma au akirudi kutoka kwenye mzoga, inabidi awe ndani ya hifadhi kunapopambazuka, au katika saa mbili za mwisho kabla ya magharibi. Saa sita mchana hata aliyebahatika huona mkia tu ukifukuza nzi chini ya kichaka. Ndiyo maana kulala usiku mmoja karibu na geti kuna faida kuliko kuongeza kilomita mia za kuzunguka.

Mengi yanayojulikana kuhusu tabia hizi yametoka Serengeti. Mwaka 1966 mtafiti George Schaller alianza kuwafuatilia simba wa hifadhi hiyo mmoja mmoja, na tangu 1978 kazi hiyo ikaendelezwa kwa miongo mingi na Craig Packer na wenzake. Moja ya matokeo yao lina manufaa ya moja kwa moja kwa mpanga safari: makundi ya simba hayahami na nyumbu. Kila kundi lina eneo lake na hulilinda kwa meno na kucha. Maeneo yanayogombewa zaidi ni yale mito inapokutana, kwa kuwa hapo pana maji, pana maficho, na mawindo hulazimika kupita.

Kwa hiyo Seronera, katikati ya Serengeti, huwa na simba mwaka mzima, nyumbu wawepo au wasiwepo. Mito yake haikauki kabisa, miti ipo, na majabali yapo ya kuotea jua asubuhi. Mawakala wengi wa utalii huuza uhamaji wa nyumbu kana kwamba bila huo hakuna cha kuona, na bei hupanda ipasavyo. Kwa mtu aliyefuata simba, hiyo ni gharama ya bure. Isipokuwa miezi ya Januari hadi Machi katika nyanda za Ndutu, kusini: huko nyumbu huzaa kwa maelfu kwenye nyasi fupi, na simba wa eneo hilo hula bila kuhangaika, mchana kweupe.

Ngorongoro ina hesabu yake. Sakafu ya kreta ni takriban kilomita za mraba 260, sehemu kubwa ni wazi, na gari moja huweza kuizunguka kwa siku moja. Kumkosa simba humo ni nadra. Simba hao wamepitia mengi: mwaka 1962, baada ya mvua kubwa, nzi wanaouma waliwashambulia hadi wakabaki wachache sana, na waliopo leo wengi ni uzao wa hao wachache. Ubaya wa kreta ni msongamano. Simba mmoja akionekana, madereva hupashana habari kwa redio, na baada ya dakika kumi magari yamepanga foleni kama ya kivuko cha Kigamboni.

Anayetaka utulivu aelekee kusini. Hifadhi ya Ruaha, kilomita kama 130 kutoka Iringa mjini, ina ukubwa wa takriban kilomita za mraba 20,000, lakini magari ni machache. Makundi ya simba wa huko ni makubwa na huwinda hata nyati na twiga. Kuanzia Julai hadi Oktoba, Mto Ruaha Mkuu unapobaki mifereji na madimbwi, kukaa ukingoni asubuhi moja kunaweza kuleta zaidi ya siku nzima ya kuzunguka. Mvua zikianza, barabara nyingi za ndani hazipitiki, na baadhi ya kambi hufungwa. Ndivyo ilivyo pia Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, iliyomegwa kutoka Pori la Akiba la Selous mwaka 2019.

Sasa pesa. Raia wa Tanzania na wa nchi nyingine za Afrika Mashariki hulipa kiingilio kwa shilingi, na kiwango ni sehemu ndogo sana ya dola anazolipa mgeni kutoka Ulaya. Kitambulisho cha taifa kisisahaulike nyumbani, na malipo hufanywa kwa namba ya malipo au kadi, si fedha mkononi. Kinachokula bajeti ni gari. Landcruiser ya kufunguka juu ikigawanywa kwa watu sita au saba inabebeka. Kwa watu wawili inaumiza. Kwa Mikumi, treni ya SGR iliyoanza safari za Dar es Salaam hadi Morogoro mwaka 2024 imepunguza uchovu wa njiani, ila gari la kuingia nalo hifadhini lipangwe mapema.

Jambo moja huwashtua wengi wanaotoka Arusha kwenda Serengeti: barabara hupita ndani ya eneo la Ngorongoro, ambalo lina mamlaka yake, kwa hiyo kuna malipo ya pili. Wakazi wa Mwanza na Musoma wana njia nyepesi zaidi. Geti la Ndabaka liko kando ya barabara kuu inayounganisha miji hiyo miwili, na kutoka hapo wanaingia Serengeti bila kugusa Ngorongoro.

Malazi si lazima yawe loji ya kifahari. Hifadhi nyingi zina mabanda, hosteli na kambi za umma. Kambi za umma za Seronera hazina uzio. Jiko na sehemu ya kulia chakula ndizo zilizozungushiwa nondo na wavu, ili watu wapike kwa amani. Usiku anayetoka hemani kwenda msalani amulike kwanza pande zote, na watoto wasitoke peke yao hata kidogo.

Kabla ya kulipa, mwongoza watalii aulizwe anavyomtafuta simba. Mzuri hakimbilii redio. Asubuhi atasimamisha gari kwenye vumbi na kuonyesha unyayo: wa simba hauna alama za kucha, kwa sababu huzirudisha ndani anapotembea, ilhali wa fisi huonyesha kucha zote mbele ya vidole. Atatazama twiga wote waliokodolea macho upande mmoja, na tai wanaoshuka mahali pamoja. Anayejibu tu kwamba “simba ni bahati” aachwe.

Nguo nyeusi na za bluu iliyokoza zibaki nyumbani, maana huwavuta mbung'o, na mbung'o wa Mikumi na Ruaha huuma juu ya shati.

Simba wote wa porini waliobaki Afrika wanakadiriwa kuwa kati ya 20,000 na 25,000, na Tanzania ndiyo yenye wengi kuliko nchi nyingine yoyote. Kwa familia ya Dar es Salaam yenye siku tatu na bajeti ya kawaida, hesabu nzuri ni hii: Mikumi, kati ya Agosti na Oktoba, usiku mbili nje ya geti, na gari liwe limeshawashwa geti linapofunguliwa saa 12 asubuhi. Pasaka waende Bagamoyo.