Mchezo Hupita, Kitabu Hubaki

Hadithi iliyotazamwa katika televisheni ikiandikwa upya kuwa kitabu, je, hubaki hadithi ile ile? Swali hili laweza kuonekana dogo kwa mkazi wa Nyasubi, mjini Kahama, mwenye shughuli zake za biashara na dhahabu. Kwa maoni yetu si dogo hata kidogo.

Tuwatazame Waingereza. Shirika lao la utangazaji, BBC, lilianza kuonyesha mchezo wa Doctor Who mwaka 1963. Mwaka uliofuata David Whitaker aliutolea kitabu cha kwanza. Katika televisheni, walimu wawili wanamfuata mwanafunzi wao hadi kwenye uwanja wa vyuma chakavu. Katika kitabu, kisa chaanza kwa ajali ya gari ndani ya ukungu, nacho chasimuliwa na mwalimu mmojawapo kwa kinywa chake. Msomaji alikosa sura na sauti za waigizaji, lakini alipata kisichoonekana kiooni, yaani mawazo ya moyoni. Tangu 1973 vitabu vyembamba vya Target vilifuatana kwa makumi, na Terrance Dicks peke yake aliandika zaidi ya 60. Baadhi yavyo vilifuata mchezo hatua kwa hatua, vikawa vikavu.

Hata hivyo, vikavu hivyo ndivyo vilivyookoa jahazi. Kanda nyingi za zamani zilifutwa ili zitumiwe tena, na vipindi zaidi ya 90 vya miaka ya 1960 havijapatikana mpaka leo. Kwa watoto wengi waliozaliwa baadaye, kitabu kilikuwa ndicho mlango wa kuingilia hadithi hizo.

Na sisi je? Unguja ilipata televisheni mwanzoni mwa miaka ya 1970; Bara ilingoja hadi 1994. Kwa hiyo michezo yetu mingi ilikuwa ya redio. Mwaka 1993 Radio Tanzania ilianza kutangaza Twende na Wakati, mchezo uliowafunza wananchi uzazi wa mpango na kujikinga na ukimwi. Ni vijana wangapi leo wanaomjua Mkwaju, yule dereva wa malori aliyeponzwa na anasa, au Tunu mkewe? Kahama, njia ya malori yaendayo Rwanda na Burundi, ingefaidika kumsoma.

Wasomaji wetu wa Ukerewe wanao mfano bora nyumbani kwao. Mzee Aniceti Kitereza alimaliza kuandika riwaya ya Myombekere na Bugonoka kwa Kikerewe mwaka 1945. Ilichapishwa mwaka 1980, baada ya yeye mwenyewe kuifasiri kwa Kiswahili, naye akafariki mwaka 1981. Kuchelewa huko kunasikitisha. Lakini karatasi iliweza kungoja miaka 35. Sauti ya redio isiyohifadhiwa haingoji hata dakika moja.

Hivyo tunawashauri wakuu wanaohusika, Bara na Visiwani, wahakikishe kwamba maandishi ya kila mchezo unaogharimiwa na umma yanahifadhiwa, na kwamba iliyo bora inatiwa vitabuni na kufikishwa katika maktaba za wilaya. Waandishi walipwe haki yao, tena waachiwe uhuru wa kuisimulia hadithi upya badala ya kunakili mazungumzo matupu.

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Hadithi zetu nazo ni mali.