Kimeng'enya Kimoja, Dawa Moja, Maradhi Mawili

Seli haiwezi kukua wala kugawanyika bila poliamini, yaani putresini, spermidini na spermini. Molekuli hizi ndogo zina chaji chanya, nazo hushikamana na DNA na RNA zenye chaji hasi na kuziimarisha. Habari zake ni za kale. Mwaka 1678 Antoni van Leeuwenhoek wa Uholanzi alieleza fuwele alizoziona kwa hadubini katika shahawa, na baadaye sana ilitambulikana kuwa zilikuwa za spermini.

Hatua ya kwanza ya kutengeneza poliamini katika mwili wa binadamu husimamiwa na kimeng'enya onithini dekaboksilasi, au kwa kifupi ODC. Kimeng'enya hiki huondoa kaboni dayoksaidi katika asidi amino iitwayo onithini, ikabaki putresini. Ajabu yake ni ufupi wa maisha yake. Protini nyingi za mwili hudumu kwa saa nyingi au siku kadhaa, lakini nusu ya ODC iliyomo katika seli huvunjwa kabla ya saa moja kupita. Mkiani mwa protini hiyo mna sehemu inayoifanya ivunjwe upesi. Seli basi hufanana na mtu ajazaye mtungi unaovuja: akiongeza maji kidogo kina hupanda mara moja, akiacha hushuka mara moja.

Mwaka 1968 Diane Russell na Solomon Snyder wa Marekani walionyesha kwamba ODC huongezeka sana katika ini la panya linaloota upya baada ya kukatwa, na pia katika uvimbe wa saratani. Miaka mitatu baadaye Russell alieleza kwamba mkojo wa wagonjwa wa saratani una poliamini nyingi kuliko kawaida. Wengi walitumaini kwamba saratani ingeweza kutambuliwa kwa kupima mkojo tu. Tumaini hilo halikutimia, kwa kuwa poliamini huongezeka pia katika maambukizo na katika maradhi mengine yasiyo saratani. Kipimo kinachomshuku kila mgonjwa hakimsaidii daktari.

Jitihada ya kukizuia kimeng'enya chenyewe ilikuwa na historia ndefu zaidi. Katika miaka ya 1970 ilibuniwa dawa ya eflonithini, inayofanana sana na onithini. ODC huipokea kama chakula chake cha kawaida na kuanza kuifanyia kazi. Katikati ya kazi hiyo dawa hugeuka, ikajifunga katika kimeng'enya isibanduke tena. Kimeng'enya hujiua kwa kazi yake mwenyewe. Hata hivyo, matokeo ya kwanza kwa wagonjwa wa saratani yalivunja moyo. Seli ya binadamu hutengeneza ODC mpya upesi, tena huweza kuchukua poliamini kutoka katika damu.

Mwaka 1980 Cyrus Bacchi na wenzake wa Marekani walitangaza kwamba dawa hiyo huponya panya walioambukizwa tripanosoma, vimelea wa jamii ile ile iletayo malale. Tripanosoma nao wana ODC, lakini ODC yao haina ule mkia, hivyo hudumu kwa saa nyingi. Kimeng'enya kikishafungwa, kimelea hukawia kupata kingine. Kimelea huacha kugawanyika, na kinga ya mwili humaliza kazi.

Katika miaka ya 1980 wagonjwa wa malale waliokuwa wamezimia kusini mwa Sudan walitibiwa wakazinduka, na dawa ikapewa jina la dawa ya ufufuo. Kabla yake, vimelea walipokwisha kuingia ubongoni, tegemeo lilikuwa melasoproli yenye arseniki, ambayo iliua wagonjwa wapatao 5 kati ya kila 100 waliotibiwa nayo. Lakini eflonithini hufaa kwa malale ya gambiense tu, yapatikanayo Kongo na kaskazini-magharibi mwa Uganda. Malale ya rhodesiense, ambayo ndiyo ya Tanzania, haisikii vema dawa hiyo. Sababu mojawapo ni kwamba vimelea wake hufanya upya ODC yao kwa haraka zaidi.

Marekani iliidhinisha dawa hiyo kwa malale mwaka 1990, lakini katikati ya miaka hiyo utengenezaji wa ile ya sindano ulisimamishwa, kwa kuwa wenye kuihitaji hawakuwa na fedha. Mwaka 2000 eflonithini hiyo hiyo iliidhinishwa kama krimu ya kupunguza nywele za usoni kwa wanawake. Mwaka uliofuata, baada ya madaktari kupiga kelele, kampuni ya Aventis ilikubaliana na Shirika la Afya Duniani kutoa dawa ya malale bila malipo. Matibabu yalikuwa mazito: dripu 4 kwa siku kwa siku 14, yaani dripu 56 katika hospitali za vijijini. Tangu 2009 ilichanganywa na nifutimoksi, na dripu zikapungua hadi 14. Leo wagonjwa wengi hupewa vidonge vya feksinidazoli, na dripu zimeachiwa hali mbaya zaidi.

Dawa hiyo imerudi pia katika saratani. Desemba 2023 Marekani iliidhinisha vidonge vya eflonithini kwa neuroblastoma, saratani ya neva ya watoto, ili kupunguza hatari ya ugonjwa kurudi baada ya tiba. Katika baadhi ya watoto hao jini iitwayo MYCN imezidi idadi, nayo huamuru ODC itengenezwe kwa wingi. Inafaa kusema kwamba ushahidi haukupatikana kwa kugawa wagonjwa kwa kura, bali kwa kuwalinganisha na watoto wa uchunguzi wa awali. Ushahidi wa namna hiyo una udhaifu wake.

Mwaka 2018 ulielezwa ugonjwa wa kurithi ambao chanzo chake ni ODC ya binadamu iliyokatika mkia. Kama ile ya tripanosoma, haivunjwi upesi. Hulimbikizana mwilini, na mtoto huchelewa kukua akili na viungo, na nywele zake hunyonyoka. Mtoto wa kwanza kutibiwa kwa eflonithini, dawa ile ile inayozuia nywele za usoni, aliota nywele.